Rezo iko, mega njo hakuna

Najua wengi mtasoma andiko hili usiku, wakati forfe ya usiku inakuwa bei nafuu, kwa hiyo sitazunguka sana.

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia kila mahali tangu nilipopata lisansi yangu ya agronomia: kwenye atelye za ONG, ndani ya raporo, midomoni mwa wakubwa wa Leta, hata kwa wenzetu wenyewe. Inasema: "Rezo imefika mpaka kijijini." Inasemwa kwa furaha, watu wanapiga makofi, halafu wanaenda kula. Leo nataka kuikosoa sentensi hiyo, maana naona ndiyo inayotufanya tuendelee kupanga kazi juu ya hewa. Si uongo mtupu. Ni ukweli uliohesabiwa kutoka upande wa pilone. Ukihesabu kutoka upande wa mwenye shamba, jibu linakuwa lingine.

Tuangalie kwanza ni rezo gani. Kwenye vilima vingi vya Walungu na Kabare simu inashika kweli. Unapiga, unapigiwa, unatuma na kupokea pesa, kwani pesa ya simu inaweza kupita bila intaneti yoyote. Jambo hilo si dogo. Tangu Februari 2025, mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa M23 na mabanki yakafunga milango, familia ngapi zimeishi kwa pesa iliyopita ndani ya simu ndogo ya kubonyeza? Kwa hiyo simcheki mtu anayeshangilia pilone ya 2G.

Lakini 2G si intaneti ya kasi. Pale juu ya ekra inapoonekana ile herufi "E", hesabu ni hii: picha moja ya jani la muhogo, kwa simu ya kawaida ya leo, ina mega kama tatu. Kwa kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, na hapo E imeamka vizuri, picha hiyo inahitaji dakika nne kufika. Dakika nne bila kukatika. Ikikatika kwenye dakika ya tatu, unaanza upya, na mega zilizoliwa hazirudi. Mtaniambia WhatsApp inaibana picha ili ipite upesi. Sawa, lakini ukiibana sana, madoa ya jani ndiyo ya kwanza kupotea, na mimi nilikuwa nahitaji madoa hayo.

Kwa wale ambao si wa kilimo, niseme kidogo kwa nini agronomi anahangaikia picha. Muhogo wenye mozaiki unajionyesha: majani yanakunjamana, yanakuwa na mabaka ya njano na kijani. Hata mtoto anaweza kuutambua. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni mwizi wa namna nyingine. Majani yanaweza kuonekana hayana neno kubwa, mama anapalilia, anasubiri, halafu siku ya kuvuna anakata muhogo anakuta umeoza ndani, kahawia, hauliki. Miezi kumi na miwili ya kazi imekwisha hapo. Na kama alikuwa amewapa majirani vijiti vya kupanda, amewagawia ugonjwa bila kujua. Picha nzuri ya majani ya chini, ikifika mapema kwa mtu anayejua, inaweza kuwazuia watu kumi wasipande vijiti vibaya. Mimi nikisema "intaneti ya kijijini" sizungumzii sinema wala mpira, ingawa nao wana haki ya mpira.

Sasa angalia ndizi. Kwa ule unyaukaji wa bakteria uliokula mashamba ya Kivu, shauri la zamani lilikuwa kung'oa shina lote pamoja na watoto wake, ama hata sehemu nzima ya shamba. Nani ana nguvu ya kufanya hivyo? Mjane wa Kabare mwenye mashina mia moja hawezi, na hata akiweza, atakula nini mwaka ule? Watafiti waliofanya kazi hapa hapa Kivu walionyesha njia nyepesi: kata mgomba ule ule ulioonyesha dalili, mara tu unapouona, chini kabisa, rudia kila wiki, safisha panga kwa moto ama kwa javel, na vunja ua la dume kwa fimbo yenye panda badala ya kulikata kwa kisu. Shauri lote hili linaingia katika sauti ya dakika moja, kwa mashi ama kwa kiswahili. Na bado unafika kwenye kilima fulani unakuta watu wanaambiana shauri la zamani, lile la kung'oa kila kitu, ama wamekata tamaa na hawakati kitu. Ujuzi ulibadilika, habari haikupanda mlima.

Lakini tusifikiri kwamba watu wa kijijini wamekaa tu wanasubiri pilone. Wao wana intaneti yao, na inatembea kwa miguu. Siku ya soko wanashuka Kadutu na mizigo yao. Wakimaliza kuuza, kijana anapita kwenye kibanda cha mtu mwenye ordinatere, anatoa karti memwari kwenye simu, anaomba atiwe nyimbo, mahubiri, filamu. Analipa faranga kidogo, anapanda na karti yake. Jioni ile ile nusu ya kijiji imekwisha kugawana kwa blutufu, simu kwa simu. Mimi nimekuta kwenye simu ya mzee mmoja video ya kutengeneza mboji iliyopita mikono sita ama saba kabla ya kumfikia, na ilikuwa video nzuri. Hiyo ndiyo rezo iliyofika kijijini kweli kweli, na kwenye raporo hakuna mtu anayeihesabu.

Nilimuuliza mama mmoja wa kikundi cha mihogo kule Walungu kama antene mpya imewasaidia. Akanijibu: "Agronomi, rezo iko, mega njo hakuna." Nikamwambia, "Mama, basi tununue." Akacheka. Kicheko chake kina hesabu ndani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka kipimo mwaka 2018: bei ya mega za kuanzia isizidi sehemu mbili juu ya mia ya mapato ya mwezi, na wengi wanakipima kwa giga moja. Hapa kwetu kibarua anayelima shamba la mwenzake anapata karibu dola moja kwa siku, siku anayopata. Tuseme siku ishirini kwa mwezi. Sehemu mbili juu ya mia ya dola ishirini ni senti arobaini. Nani kati yenu ananunua giga moja kwa senti arobaini hapa Bukavu? Anyooshe mkono.

Na hayo si ya kwetu peke yetu. Shirika la makampuni ya simu duniani, GSMA, lenyewe liliandika katika hesabu zake za mwaka 2023 kwamba watu wanaoishi mahali pasipo antene ya intaneti ni kama 5 juu ya 100 duniani, lakini wanaoishi chini ya antene na hawatumii intaneti ni kama 38 juu ya 100. Hao 38 ndio mama yangu wa Walungu. Kwa takwimu za pilone amekwisha kufikiwa. Faili yake imefungwa.

Sasa nifike kwa Leta, maana mtasema nawaogopa. Mwezi wa tisa 2020 ilianza ile kodi ya RAM, daftari la simu za mkononi. Mnaikumbuka: simu ya 2G dola moja kwa mwaka, simu ya 3G na 4G dola saba, na pesa ilikatwa ndani ya unite zako. Unaweka unite za kumpigia mtoto aliye shule, zinapungua kabla hujapiga. Tuliambiwa ni kwa kupigana na simu bandia na simu za wizi. Mwaka 2021 Claude Misare, mbunge aliyechaguliwa Uvira, alimwita waziri Augustin Kibassa kujibu maswali mbele ya Bunge juu ya kodi hiyo, vijana wakaandamana, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa.

Watu wengi wanaikosoa RAM kwa sababu ya wizi wanaoushuku. Mimi naikosoa kwa sababu nyingine ambayo sikuisikia sana. Ili kukata dola moja hapa na dola saba pale, ilibidi mashine ijue kila simu ni ya namna gani. Yaani nchi hii, ambayo haijahesabu watu wake tangu 1984, iliweza kutambua simu moja moja mpaka kwenye kilima cha mwisho: hii ni ya 2G, hii ni ya 4G. Agronomi angelia kwa furaha kupata daftari la namna hiyo! Ukijua kwamba katika gurupema fulani simu nane juu ya kumi ni za kubonyeza, huendi kuwaletea programu ya simu kubwa, unawaletea ujumbe wa sauti. Ukijua kwamba mahali fulani simu za 4G zimejaa na antene ni ya 2G, unajua wapi pa kuanzia. Lakini kijijini daftari hilo lilijulikana kwa jambo moja tu, nalo ni unite kupungua. Dola moja ya mwenye simu ya 2G ilikuwa siku nzima ya kulima, na alilipa akiwa ndiye asiye na intaneti kabisa.

Tena sheria haikukosa. Sheria ya simu ya mwaka 2002 tayari ilizungumza juu ya huduma kwa wote. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ikarudia na kuweka mfuko wa maendeleo ya huduma kwa wote, unaolishwa na makampuni yenyewe, kwa ajili ya mahali ambapo biashara peke yake haitaki kwenda. Wazo ni zuri. Mtu wa mjini anapopiga simu, sehemu kidogo inakwenda kujenga antene ya Shabunda. Angalia tarehe tu: kodi ya RAM ilitangulia miezi miwili mbele ya sheria ya mfuko. Njia ya kutoa pesa mfukoni mwa mwananchi ilipatikana kwanza.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Mwisho wa 2024 Orange na Vodacom walitangaza kwamba wataungana kujenga pilone za vijijini Kongo nzima, za nguvu ya jua, 2G na 4G pamoja, elfu moja kwa miaka sita, na wanaweza kuongeza elfu nyingine. Nguvu ya jua ni jambo la maana kuliko watu wa mjini wanavyofikiri. Pilone ya gurupu inakula mazutu kila siku. Mahali kama Shabunda, ambako barabara inakufa na vitu vingi vinaingia kwa ndege, kila lita ya mazutu ni mali. Ikichelewa, kijiji kizima kinanyamaza. Lakini na mimi nauliza: simu ya mwanakijiji itachajiwa wapi? Vijijini kwetu, nchi nzima, mwenye umeme ni kama mmoja juu ya mia. Anapeleka simu kwa mwenye panele ya sola, analipa, anaiacha pale nusu siku. Simu kubwa yenye ekra pana inakufa jioni, ile ya kubonyeza inakaa siku nne. Kwa hiyo hata mwenye uwezo wa kununua simu ya 4G anaweza kuwa na akili timamu anapobaki na kitochi chake.

Halafu Starlink. Hapa ndipo wengi mnanikatalia, najua. Rwanda iliifungua Februari 2023. Sisi wa Bukavu tunaona Rwanda kwa macho, ukisimama penye mteremko unaoangalia Ruzizi simu inakukaribisha nchi ya jirani bila kuombwa. Machi 2024 mamlaka yetu ya posta na simu ilitangaza kwamba kuitumia Kongo ni marufuku, haina leseni, na hofu ya usalama ilikuwa nyuma yake. Mei 2025 leseni ikatoka. Kinshasa ikatoa ruhusa ya mtambo unaofaa kuliko yote kwa vilima visivyo na barabara, miezi mitatu baada ya kupoteza Bukavu. Sitaongeza neno, mnaishi hapa kama mimi.

Wapenzi wa Starlink nawaambia hivi. Sahani ile inamaliza shida ya kamba ya faiba, na shida hiyo ni kweli: kamba ya bahari inaingilia Muanda, karibu kilomita elfu mbili kutoka hapa, ndiyo maana mashariki yetu imezoea kupitia kwa majirani. Lakini haimalizi kile kicheko cha mama. Mtambo wenyewe ni mamia ya dola, na kila mwezi unalipa. Nyumba moja ya Walungu haiwezi. Nyumba mia mbili pamoja na senta de sante na koperative zinaweza, kama kuna mtu wa kupanga nani analipa nini.

Na kupanga huko kumekwisha kujaribiwa, si mbali. Kisiwani Idjwi, katikati ya ziwa letu, karibu 2016 na 2017 kulifunguliwa rezo iliyoitwa Pamoja Net. Shirika la Ensemble Pour la Différence lilifanya kazi na Fjord ya Accenture, na mwami Roger Ntambuka aliiunga mkono. Idjwi haikuwa na vita kama bara, ina kahawa na ina nanasi, lakini makampuni hayakuona faida ya kuwapelekea intaneti. Wao hawakuanza na pilone ya kufunika kisiwa. Walianza na mahali ambapo watu wanakutana: kibanda chenye wifi ambapo mtu anaweza kuingia bila kulipa, huku wafanyabiashara na mashirika wanaotaka kasi zaidi wanalipa, na malipo yao yanabeba wengine.

Mimi naona huo ndio mfano ulio karibu na karti memwari ya Kadutu kuliko mfano wa Kinshasa. Kijiji chetu hakitumii intaneti mtu mmoja mmoja nyumbani mwake. Kinaichota mahali, kama maji ya robine, kisha kinaibeba. Bomba moja la kasi nzuri penye koperative ama shule linafaa kuliko vijiti viwili vya E kwenye kila kilima. Kasoro yake pia niiseme: mradi wa namna hiyo unasimama juu ya mfadhili na watu wachache wenye moyo, na wafadhili wana tabia ya kuhama. Hapo ndipo ule mfuko wa sheria ya 2020 ungekuwa na kazi ya kufanya, kulipa bomba, siyo kulipa atelye juu ya bomba.

Sasa sisi wenyewe. Kila proje ya kilimo inayopita Bukavu leo ina neno "dijitali" ndani, kwa sababu bila neno hilo pesa haitoki. Tunaandika programu ya simu ya kutoa shauri kwa wakulima elfu tano, tunahesabu waliofundishwa, tunapiga picha. Kati ya zote nilizopitia, ile niliyoona imefikiria kijiji ni Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na watu wa chuo kikuu cha Penn State pamoja na IITA: unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, simu inakuambia kama ni mozaiki ama michirizi ya kahawia, kwa kiswahili, bila intaneti, kwani akili yote imekwisha kuwekwa ndani ya simu. Waliijenga wakijua kwamba rezo haipo. Programu iliyofaa kuliko zote ni ile iliyokataa kuamini sentensi ya "rezo imefika". Inabaki tu kwamba inataka simu kubwa, na tunarudi kwa panele ya sola na ile dola moja ya siku.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu walio ndani ya ONG na huduma za Leta ni dogo. Katika ile fomu ya ankete, pale penye swali "Je, kuna rezo? Ndiyo / Hapana", lifuteni. Wekeni: Simu yako ni ya namna gani? Unaichaji wapi na kwa bei gani? Mara ya mwisho ulinunua mega lini? Video ya mwisho uliyoona ilikufikia kwa njia gani? Mimi nimekwisha kuanza na kikundi cha Walungu, watu thelathini na wawili, mabibi wengi. Swali la mwisho ndilo linalowafanya wazungumze. Aliye Mwenga, Kalehe ama Fizi na anataka fomu hiyo, aseme hapa chini, nitamtumia. Ni karatasi moja, ina kilobayiti chache, itapita hata kwa E.